Nimeombwa kuwa mhazini wa uwanja wa barafu katika mji mdogo wa Saskatchewan: je, nikubali?

Mhudumu wa Wazee aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na walio wakubwa kwangu shikamoni.

Mimi na mume wangu tuna mwaka mmoja na miezi miwili tangu tuhamie mji mdogo ulio kusini mwa jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada. Wakazi wake hawafiki mia nne. Mimi nahudumia wazee katika makao yaliyo hapa hapa mjini, naye mume wangu anafanya kazi katika ghala kubwa la nafaka kando ya reli, mwendo wa nusu saa kwa gari. Upande wowote nikitazama naona mashamba ya ngano, kanola na dengu, na barabara za changarawe zilizonyooka kama zimepigwa rula. Mji una barabara kuu moja, duka la ushirika, posta, makanisa mawili, ukumbi wa jumuiya, na uwanja wa barafu uliojengwa ndani ya banda kubwa la mabati. Shule ilifungwa kabla hatujafika, kwa hiyo watoto wetu hupanda basi saa moja na dakika kumi asubuhi kwenda mji wa jirani.

Juma lililopita mama mmoja anayesimamia jiko la ukumbi alinisubiri nje ya duka, akaniomba niwe mhazini wa kamati ya uwanja wa barafu. Mzee aliyeshika vitabu vya hesabu kwa miaka ishirini na miwili amepungukiwa na nguvu ya macho, na inasemekana ni yeye mwenyewe aliyelitaja jina langu, kwa kuwa mimi ndiye ninayemsomea barua zake. Niliomba nipewe siku kumi za kufikiri.

Yananitatiza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtambo wa kupozea barafu umechakaa, na kabla ya baridi kuanza kamati italazimika kuitisha mkutano wa wakazi wote ili waamue kama utengenezwe au uwanja ufungwe. Naogopa mgeni kukabidhiwa fedha za watu katika msimu ambao lolote litakaloamuliwa litawaudhi baadhi yao. La pili ni kwamba sijaielewa sawasawa hali yenyewe: mji umekubali kupoteza shule, umepoteza kituo cha reli, halafu unakesha kwa ajili ya uwanja wa kuteleza. Sitaki kushika ufunguo wa nyumba ambayo sijui ilijengwa kwa nini.

Nitaje na jambo moja linalonisumbua moyoni. Mwezi wa tatu tangu tufike, mzee mmoja niliyemhudumia alifariki, nikaenda kwenye maziko. Baada ya ibada watu wote walielekea ukumbini kula, na nikaona kila mwanamke wa rika langu anaingia na sinia la mikate iliyopakwa au keki, mimi nikiwa mikono mitupu. Hakuna aliyenisema. Lakini hakuna pia aliyekuwa ameniambia, na hadi leo sijui kama huwa wanapangana au kila mtu huwa anajua tu.

Naomba mwenye uzoefu wa miji ya namna hii anishauri.

---

Dereva wa Nafaka alijibu:

Dada yangu, marahaba kwa niaba ya wakubwa, ingawa huenda tunalingana umri.

Nimeishi kwa miaka kumi na mmoja katika mji unaofanana sana na huo wako, upande wa magharibi wa jimbo hilo hilo, nami huendesha lori la kubeba nafaka kutoka mashambani. Naanza na la maziko kwa sababu nalo lilinipata. Huwa wanapangana, kwa simu. Kuna orodha, na mara nyingi anakaa nayo mama mmoja tu, yule yule anayesimamia jiko. Jina lako halikuwamo kwa kuwa walikuhesabu kuwa mgeni ambaye hapaswi kutwishwa mzigo. Kwa wenyeji, kutokumpigia simu mtu ni kumpa nafasi apumzike. Mgeni naye huona ametengwa. Mwambie mama huyo kwa maneno yaliyo wazi kwamba unaomba uandikwe kwenye orodha ya maziko. Nina hakika atafurahi kuliko ukimpelekea zawadi.

Sasa uwanja. Usiutazame kama mahali pa michezo peke yake. Kuanzia Novemba hadi Machi nje kunaweza kuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, na mkulima ambaye mashine zake zimelala anaweza kukaa juma zima asimwone mtu nje ya familia yake. Uwanja wa barafu ndio unaomtoa nyumbani. Watoto wanacheza hoki, wazazi wanasimama nyuma ya kioo wameshika vikombe vya kahawa, na katika kusimama huko ndiko habari zote zinakopita: nani kaumwa, nani anauza trekta, nani anahitaji mtu wa kumlishia ng'ombe akienda hospitali mjini Regina, mji mkuu wa jimbo. Miji mingi ina pia uwanja mwembamba kando ya ule mkubwa kwa ajili ya kerlingi, mchezo wa watu wanne kwa timu, wanaosukuma mawe ya matale yenye uzito wa karibu kilo ishirini yateleze hadi kwenye duara, huku wenzao wakisugua barafu kwa brashi mbele ya jiwe. Jimbo liliufanya mchezo wake rasmi mwaka 2001. Anza na huo, maana unachezwa na watu wa miaka kumi na mwenye miaka themanini, na desturi ni kupeana mikono kabla na baada, kisha walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji na wote huketi meza moja. Mimi majirani zangu niliwajua kwenye meza hizo.

Niliposhirikishwa kutengeneza barafu kwa mara ya kwanza ndipo nilipoelewa ni kazi ya kiasi gani. Chini ya sakafu ya mchanga kuna mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yaliyopozwa na mtambo. Sakafu ikishaganda, watu hunyunyiza maji tabaka jembamba, hungoja ligande, hunyunyiza jingine, usiku kucha. Ukimwaga mengi kwa pamoja barafu hupasuka. Tulikuwa watu watano tukipokezana bomba la maji, na kijana wa miaka kumi na sita ndiye aliyekuwa akinifundisha namna ya kutembea kinyumenyume bila kuacha alama za viatu. Saa kumi alfajiri tulipaka rangi nyeupe, kisha mistari. Hakuna aliyelipwa. Kikosi cha zimamoto ni hivyo hivyo: mimi nimo, pamoja na mwalimu, fundi wa matrekta na mwenye baa, na kifaa cha mwito kikilia tunaacha kila kitu, kwa kuwa zimamoto wa kulipwa wako umbali wa saa nzima.

Kwa hiyo jibu langu ni kubali. Miji hii haina kamati ya kuwakaribisha wageni. Ukipewa kazi, umeshakaribishwa.

---

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Binti yangu, marahaba. Umeuliza nyumba hiyo ilijengwa kwa nini, na swali hilo linastahili jibu refu kidogo, hivyo nivumilie.

Mpangilio wa miji hiyo uliamuliwa na miguu ya farasi. Sheria ya ardhi ya Kanada ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti kwamba akae juu yake miaka mitatu, ajenge nyumba na alime. Wapima ardhi waliigawa nyika katika miraba ya maili moja kwa maili moja, na ndiyo maana barabara zako zimenyooka. Mlowezi alipovuna ngano alihitaji kuifikisha relini kwa gari la farasi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo makampuni ya reli yaliweka vituo kila baada ya maili saba hadi kumi hivi, na katika kila kituo yakajengwa maghala ya mbao marefu kama minara, yenye jina la mji ubavuni. Gari lilipimwa uzito, nafaka ikamwagwa kwenye shimo, na mkanda wenye vikopo ukaipandisha hadi juu ili ishuke yenyewe ndani ya mabehewa. Katika miaka ya 1930 Kanada ilikuwa na maghala ya namna hiyo zaidi ya 5,000, mengi yao Saskatchewan. Pembeni mwa kila kundi la maghala palizuka duka, shule, kanisa na ukumbi.

Lori lilipochukua nafasi ya farasi, umbali ule ulipoteza maana yake. Mashamba yaliungana yakawa makubwa, familia zikapungua, na njia ndogo za reli zikaanza kung'olewa. Mwaka 1995 serikali ya Kanada iliondoa ruzuku ya usafirishaji wa nafaka, ambayo chimbuko lake ni makubaliano ya mwaka 1897 na kampuni ya reli ya Canadian Pacific, na baada ya hapo maghala ya mbao yalibomolewa kwa kasi kupisha maghala machache makubwa ya zege, kama hilo analofanyia kazi mume wako. Mwaka 1993 serikali ya jimbo ilikuwa imeshaondoa fedha za kulaza wagonjwa katika hospitali ndogo 52 za vijijini. Mwaka 2017 kampuni ya mabasi ya jimbo nayo ilifungwa. Zingatia jambo moja katika orodha hii: kila kilichoondoka kiliondolewa na uamuzi uliofanyika mbali, Regina, Ottawa kwenye serikali ya nchi, au kwenye ofisi za reli. Shule ilifungwa na bodi ya wilaya. Uwanja wa barafu na ukumbi ni mali ya wakazi wenyewe. Wanakesha kwa ajili yake kwa kuwa ndicho kitu ambacho kura yao bado inakiamua.

Tena watu hao wamerithi mazoea ya kujifanyia mambo. Mwaka 1916 sheria ya Saskatchewan iliziruhusu halmashauri za vijijini kutoza kodi ili kumlipa daktari mshahara, baada ya wakulima kuona kwamba bila hivyo daktari hakai. Mwaka 1924 wakulima wa ngano walianzisha ushirika wao wa kuuza nafaka, na katika miaka ya unyonge ya 1930, upepo ulipokuwa ukipeperusha udongo wa mashamba, vikaja vyama vya akiba na mikopo. Serikali ya jimbo chini ya waziri mkuu wake Tommy Douglas ilianzisha bima ya hospitali kwa wakazi wote mwaka 1947, na tarehe 1 Julai 1962, chini ya mrithi wake Woodrow Lloyd, jimbo likawa la kwanza Kanada kuwa na bima ya matibabu kwa wote, ingawa madaktari waligoma kwa siku 23. Bima hiyo inayokutibu wewe na watoto wako ilianza na majirani waliochangishana ili daktari asihame.

Ila nisikuchoree picha ya upande mmoja. Ardhi iliyogawiwa haikuwa tupu. Wakree, Wasaulteaux na Waassiniboine, wenyeji wa asili wa nyika hiyo, waliingia mkataba wa ardhi uitwao Mkataba wa Nne na Taji la Uingereza huko Qu'Appelle mwaka 1874, wakati nyati waliowalisha walikuwa wakikaribia kutoweka, na wengi walibanwa katika hifadhi ndogo, yaani maeneo waliyotengewa wao kuishi, huku miraba ile ikigawiwa wageni. Wanawake wengi walinyimwa ardhi ya bure isipokuwa awe mkuu wa kaya, kama mjane mwenye watoto. Na wakulima weusi waliohama kutoka Oklahoma karibu na mwaka 1910 wakalima kaskazini mwa Maidstone, katika jimbo hilo hilo, wakajenga kanisa lao la magogo liitwalo Shiloh. Agosti 1911 baraza la mawaziri la Kanada lilipitisha amri ya kuzuia watu weusi kuhamia nchini kwa mwaka mmoja, amri ambayo ilifutwa miezi miwili baadaye bila kutumika. Nakueleza haya ili ujue kwamba mtu anayefanana nawe si mgeni wa kwanza kwenye nyika ile, na kwamba jirani yako kutoka hifadhi ya karibu, ambaye watoto wake huenda wanacheza kwenye barafu ile ile, ana haki ya kuulizwa maoni katika mkutano huo wa wakazi wote. Ukishika kalamu ya mhazini, uliza kama alipelekewa taarifa.

---

Niliyehama Manitoba alijibu:

Nawaheshimu walionitangulia, lakini naomba nitofautiane nao kidogo, kwa sababu mimi nilikubali ombi kama hilo na nilijuta.

Nilikaa miaka sita katika mji mdogo wa Manitoba, jimbo linalopakana na hilo lako. Nilianza na ukatibu wa ukumbi. Mwaka uliofuata nikaongezewa maktaba, kisha karamu ya bata mzinga inayofanyika kila Oktoba baada ya mavuno. Sikatai kwamba karamu hiyo ni nzuri: bata mzinga, viazi vya kupondwa, majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali kwa mapishi waliyokuja nayo Waukraine, pai za maboga zilizopangwa mezani ukuta hadi ukuta, na watu wanaotoka miji mitatu kuja kula kwa zamu kwa kuwa viti havitoshi. Fedha za karamu hiyo moja zililipia sehemu kubwa ya joto la ukumbi kwa msimu wote wa baridi. Lakini nyuma ya mlango wa jiko tulikuwa wanawake tisa, na sita kati yao walikuwa wamepita miaka sabini. Mwaka wangu wa tano tulibaki saba. Niliumwa mgongo, nikawa naogopa simu ikilia, na hatimaye tukahama, na naamini uchovu ule ulichangia kuliko baridi.

Kwa hiyo nakusihi, dada, kubali kwa masharti, na yaseme kabla hujapokea vitabu. Taja muda, kwa mfano miaka miwili. Sema hutaongezewa kazi ya jiko. Omba mtu wa pili ajifunze hesabu pamoja nawe tangu mwezi wa kwanza. Kazi iliyoshikwa na mtu mmoja kwa miaka ishirini na miwili inaonekana kama sifa, nami naona ni hatari, kwa kuwa akianguka hakuna anayejua deni liko wapi.

Na kuhusu mtambo, usiingie ukiwa umeshaamua kwamba lazima uokolewe. Kule kwetu miji mitatu ilikuwa na viwanja vitatu, na watoto wa hoki hawakutosha kuunda hata timu mbili. Tulibishana miaka mingi kabla ya kukubali kwamba watoto wacheze kwa jina moja la pamoja na barafu itengenezwe sehemu moja, na ile miji miwili iliyofunga viwanja ikageuza mabanda yake kuwa mahali pa kutembea wazee na soko la vitu vilivyotumika. Wengine walilia mkutanoni. Nami nililia. Hata hivyo mwaka uliofuata uwanja uliobaki ulijaa watu.

---

Dereva wa Nafaka alijibu:

Dada wa Manitoba amesema kweli, na ninakiri nilikuwa mwepesi wa kusema kubali. Sisi pia tunacheza kwa jina la pamoja na mji wa jirani kwa miaka minne sasa. Kinachoniuma ni kwamba tulikubaliana tulipokuwa tumeshachoka, wakati tungeweza kuzungumza mapema kila mji ukiwa na fedha kidogo mkononi. Mhazini ndiye wa kwanza kuona fedha zinavyokwisha. Akinyamaza, mkutano unaamua gizani.

---

Mhudumu wa Wazee alijibu:

Nawashukuru sana, na kipekee Mwalimu, kwa kuwa jana nilimwuliza yule mzee kuhusu miguu ya farasi na maili saba, akakaa kimya, kisha akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa akiamka saa tisa usiku kufunga farasi wakati wa mavuno, na jinsi yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa, alivyopigilia mabati ya paa la uwanja huo pamoja na wanaume ambao sasa wote wamezikwa makaburi ya upande wa mashariki wa mji. Aliniomba nimshike mkono wa kulia, ambao kidole chake cha mwisho hakinyooki. Kilivunjika siku ile juu ya paa.

Nilimwuliza pia kama angependa uwanja uokolewe kwa vyovyote. Alijibu kwamba angependa watu waamue wakiwa na hesabu sahihi mbele yao, na kwamba ndiyo sababu alilitaja jina langu.

Nimeamua kukubali kwa miaka miwili, kwa masharti aliyoyataja dada wa Manitoba. Mama wa jiko ameyapokea yote, isipokuwa la kutokufanya kazi ya jiko amesema tutazungumza, na ameniandika kwenye orodha ya maziko. Kuhusu taarifa ya mkutano kupelekwa hifadhini, alisema hawakuwahi kufanya hivyo, akafikiri kidogo, akaniomba niandike barua naye ataipeleka mwenyewe kwa mkono.

Jumanne napokea vitabu. Nina swali moja la mwisho: hadi sasa hundi zimekuwa zikitiwa sahihi na mzee peke yake. Je, nikitaka sahihi ziwe mbili, wataona kwamba simwamini yeye aliyenitangulia?

---

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mwombe mzee mwenyewe atoe pendekezo hilo kwenye kikao cha makabidhiano. Akilisema yeye, litaonekana ni ushauri wake kwa mrithi wake. Andikeni kwenye muhtasari kwamba kila hundi itiwe sahihi na watu wawili kati ya watatu walioteuliwa, na kwamba wawili hao wasiwe wa nyumba moja, kisha muhtasari huo upelekwe kwenye chama cha akiba na mikopo mnakoweka fedha, siku hiyo hiyo, kabla hujaandika hundi ya kwanza.